Mastifu wa Mama Jofrey

Wezi walipoingia nyumbani kwa Damari pale Ilomba, Mbeya, waliingia Jumapili saa za ibada, mchana kweupe, kama watu waliotumwa na mwenye mali. Walichukua televisheni, mtungi wa gesi, na koti la marehemu mumewe, mzee Alinanuswe, lililokuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Televisheni Damari hakuililia. Gesi hakuililia, maana mkaa upo. Lile koti ndilo lililomkalisha sakafuni, akalia mpaka jirani yake Bertha, mama Pendo, akaja kumwinua.

Habari ilifika Iringa machozi yakiwa bado mabichi. Jofrey, mwanawe wa pekee, akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshaamua.

"Mama, basi. Unakuja kukaa na sisi huku. Hiyo nyumba tutapangisha."

Damari hakuwa mwanamke wa kubishana na mwanawe. Alilelewa akiambiwa kwamba baba akiondoka, neno la mtoto wa kiume ndilo linalobaki. Lakini nyumba ile waliijenga wawili, yeye akiuza ndizi sokoni na mumewe akipiga tofali jioni baada ya kazi, na hakuna ufa ukutani ambao hakujua ulianza mvua za mwaka gani. Kumtoa humo ilikuwa sawa na kung'oa mgomba mzima na kuupanda ugenini: kushika unaweza kushika, ila mkungu usiutegemee. Kwa hiyo hakusema hapana. Alisema, "Nipe siku kidogo, mwanangu," kisha akampigia mkwewe.

Evarista, mke wa Jofrey, alikuwa Mhehe mwenye maneno machache na akili nyingi. Ni yeye aliyekumbuka kwamba mjomba wake Sosthenes, anayekaa Idodi kwenye njia ya kwenda hifadhini, anafuga mbwa wakubwa aina ya mastifu, kwa sababu wanyama wa porini huja kukagua mazizi bila kualikwa. Akamwekea mumewe mezani shauri: mama apelekewe mbwa mmoja, akae naye mpaka mvua ziishe. Mbwa akilinda, mama abaki kwake. Akishindwa, mama afunge mizigo bila maneno. Jofrey akakubali kwa shingo upande, na Damari akakubali kwa moyo wote, maana aliona mlango umeachwa wazi kidogo.

"Na mama," Evarista akamalizia kwenye simu, "waambie watani wetu wa huko kwamba huyu mbwa ametoka Iringa mzima, na miguu yote minne. Wapunguze maneno yao kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa."

Mbwa, aliyeletwa na Jofrey mwenyewe, alishuka kwenye pikapu taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu mzima anayeogopa kuchafua suruali. Alikuwa na rangi ya ugali wa mtama, uso mweusi uliokunjamana, na kichwa ambacho Damari angeweza kukiegemea. Aliitwa Diwani. Sosthenes alimpa jina hilo kwa sababu hutembea polepole na husubiri kusalimiwa kwanza.

Majirani walijaa uani, na kila mmoja alikuwa na lake. Isaka, mume wa Bertha, ambaye alikuwa hajawahi kumwona mastifu mpaka asubuhi hiyo, ndiye aliyekuwa mtaalamu.

"Mbwa wa ulinzi ni hawa wetu," alisema. "Mwembamba, mdogo, kelele mwanzo mwisho. Hili? Hili likilala mwizi atalikalia akijua ni kochi."

"Debe tupu ndilo lenye kelele," Bertha akamjibu mumewe. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

"Huyo mla nyama, tutaona nani atamnunulia hiyo nyama."

Jambo moja tu walikubaliana wote, na Jofrey naye akiwemo. Mbwa wa ulinzi hatakiwi kujuana na watu. Mchana kutwa afungiwe kwenye banda la giza, asione sura wala asisikie jina, na jioni atolewe akiwa na hasira ya kufungiwa. Na chakula chake kitiwe pilipili kichaa, damu ichemke. Ndivyo babu zetu walivyofanya, ndivyo baba zetu walivyofanya, na aliyeuliza kwa nini aliambiwa asilete usomi. Jofrey akajenga banda la mabati siku hiyo hiyo, akaziba mianya kwa maboksi. Isaka akaleta pilipili za bustanini kwake, mkono umejaa. Kisha Jofrey akarudi Iringa akiwa ameridhika na kazi yake.

Diwani alikula ugali wa pilipili mara moja. Alipomaliza alimtazama Damari kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka kwenye mikunjo ya uso, si kwa hasira bali kwa mshangao, kama mgeni aliyekaribishwa kwa kofi. Akanywa ndoo nzima ya maji. Siku iliyofuata alinusa sahani akageukia ukuta.

Damari aliendelea, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Kila asubuhi alimsukumia mbwa bandani, na kila jioni alimfungulia akingoja kuona hasira waliyomwahidi. Hasira haikuja. Diwani alitoka akiyumba, akajitupa mlangoni kwa jikoni, akashusha pumzi ndefu ambayo Damari aliisikia mpaka kwenye sufuria zake. Mbavu zikaanza kuhesabika. Bertha akasema labda ni minyoo. Isaka akasema aliwaambia.

Damari alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza haikuwa ya siri: mbwa akifa, yeye anahama. Ya pili ilimjia akiwa amesimama mbele ya banda na kufuli mkononi. Alikumbuka siku za msiba. Wanawake wenzake, kwa mapenzi yao yote, walimweka chumbani, wakashusha mapazia, wakamwambia asitoke, asishike kitu, asiongee sana, apumzike. Alipumzika mpaka akadhani na yeye wamemzika. Kilichomrudisha duniani ni siku alipotoka bila ruhusa, akakaa juani, akachambua maharage. Hakuna aliyemtakia mabaya, na bado walikaribia kumuua.

"Wewe huna kosa," alimwambia mbwa kupitia bati. "Na mimi sikuwa na kosa."

Akafungua mlango saa sita mchana, jua likiwa limejaa uani. Pilipili akazimwaga jalalani. Alipika ugali na dagaa, akakaa kwenye kigoda, na Diwani akala mpaka akalamba na kigoda chenyewe. Kisha akaja akamwegemea Damari ubavuni kwa uzito wake wote. Damari nusura aanguke. Alicheka kwa sauti, na sauti hiyo ilimshtua, maana alikuwa hajaisikia tangu Alinanuswe aondoke.

Basi mbwa akawa mtu wa nyumba. Asubuhi alimfuata Damari bustanini, mchana alilala chini ya mparachichi, jioni alikaa barazani akitazama njia. Jumuiya yao ya Kilutheri iliposali pale kwa Damari, Diwani alijinyoosha katikati ya mikeka, na mwinjilisti Anord alilazimika kupandisha sauti, kwa sababu ndani ya Injili kulikuwa na mkoromo. Watoto wa jirani walimpanda mgongoni. Udenda wake ulikuwa janga, na hakuna sketi ya Ilomba iliyosalimika.

Wageni nyumbani kwa Damari hawakuisha. Alikuwa mwanamke wa mgeni njoo mwenyeji apone. Mtu akija aliulizwa amelalaje, na watoto wamelalaje, na ng'ombe wa kule kijijini wamelalaje, akanywa chai, na wakati wa kuondoka hakutoka mikono mitupu. Kama si ndizi ni parachichi, kama si parachichi ni majani ya maboga kwenye kikapu. Na Damari hakuwa mtu wa kuagana na mgeni akiwa amekaa. Alisimama, akajifunga khanga vizuri, akatembea naye mpaka getini, na getini wakasimama tena, maana mazungumzo matamu huanzia hapo, kisha akamsogeza mpaka kwenye kona. Diwani alikwenda nao kila mara, nyuma kidogo, akisikiliza.

"Huyo sasa ameharibika," Isaka alisema. "Anamsindikiza kila mtu. Akija mwizi atambebea mzigo."

Maneno hayo yalimuuma Damari kwa sababu naye alikuwa anayawaza. Mvua zilikuwa zinapungua. Mwizi hakuja, lakini kutokuja kwa mwizi hakumpi mbwa sifa, na Jofrey kila akipiga simu aliuliza swali lile lile: ameshabweka? Damari hakuweza kudanganya. Hapana, mwanangu. Hajabweka.

Halafu likaja la Bertha.

Bertha alikuja kuchukua sufuria kubwa ya jumuiya, kama alivyofanya mara nyingi. Akamkuna Diwani kichwani, akaingia jikoni, akaita. Damari alikuwa bafuni, akajibu, "Chukua tu, mama Pendo, naoga." Bertha akaibeba sufuria kichwani, akatoka. Getini akamkuta Diwani amesimama kwa ubavu, ameziba njia. Bertha akamwambia pisha. Hakupisha. Akazunguka kushoto, mbwa akasogea kushoto. Hakubweka, hakuonyesha jino, ila Bertha aliponyoosha mkono kwenye komeo alisikia kitu kikinguruma chini kabisa, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Akarudisha mkono. Akasimama pale na sufuria yake kichwani mpaka Damari akatoka na maji mwilini, akaja kumshika bega. Mara ile ile Diwani akasogea pembeni, akatikisa mkia.

"Mama Jofrey," Bertha alisema akishusha sufuria, "mbwa wako ameniona mimi mwizi."

Damari aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Alimsindikiza hadi mlangoni kwake. Lakini Bertha alimwambia Isaka, Isaka akaongeza chumvi, na habari ilipofika Iringa ilikuwa imenenepa: mastifu amemvamia jirani, amemtupa chini, sufuria ya kanisa imebonyea. Damari aliposikia sauti ya Jofrey kwenye simu alijua. Mbwa asiyembwekea mwizi na anayewavamia majirani, nani atamtetea?

"Jumamosi nakuja na gari," Jofrey alisema. "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Damari alijibu. Usiku huo hakulala. Alikuwa na hasira na mbwa, na hasira na Bertha, na hasira zaidi na yeye mwenyewe, kwamba anajua kuomba radhi kwa kila mtu ila hajui kusema neno moja fupi kwa mtoto aliyemzaa.

Jofrey alifika na pikapu ya kuazima. Diwani alimpokea kwa heshima zote, akamnusa, akamwegemea, akamwachia udenda suruali nzima, akaingia naye mpaka sebuleni.

"Ugonile, mama," alimsalimia kwa kilugha cha kwao.

"Ugonile, mwanangu. Karibu chai."

"Chai tutakunywa njiani. Tukichelewa tutakutana na malori kule mlimani." Alikuwa anaongea haraka, bila kumtazama. "Leo tuchukue nguo na vitu vyako vidogo. Vingine nitarudi."

Damari alikaa kwenye kiti. Alisikia makabati yakifunguliwa chumbani, hanga za nguo zikigongana, zipu ya begi ikivutwa. Maneno yalikuwa yamemjaa kifuani na hakuna hata moja lililopanda. Jofrey akapita mbele yake na begi mkono mmoja, mkono mwingine redio na blanketi. Hakusimama, naye hakuinuka.

Kisha akasikia, "Pisha." Tena, "Diwani, pisha." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, sauti aliyoisikia mara ya mwisho Jofrey akiwa darasa la pili, "Mama. Mama, njoo kidogo."

Damari alitoka barazani. Jofrey alikuwa getini na mizigo yake, na Diwani alikuwa mbele yake, amesimama kwa upana wake wote. Jofrey akajaribu kupita upande wa kulia, mbwa akasogea kulia. Akainua begi amsukume nalo. Ndipo sauti ile ya chini ikatoka, ndefu, na Damari aliihisi kwenye nyayo pale alipokuwa. Jofrey akashusha begi kwa adabu.

"Si amenipokea vizuri sasa hivi?" alisema. "Si mimi niliyemleta?"

Damari alisimama akitazama. Aliwaza juu ya Bertha na sufuria kichwani, peke yake. Aliwaza juu ya wageni wote wa miezi ile, na vikapu vyao na mikungu yao, waliopita geti lile bila tabu, na hapakuwa na hata mmoja aliyepita pasipo yeye kuwa kando yake na khanga yake kiunoni. Hakuna aliyemfundisha mbwa yule. Alikuwa amelala pale chini ya mparachichi, watu wakidhani amelala tu, akijifunza desturi za nyumba. Kuingia, anaingia yeyote. Kitu cha nyumba hii hutoka na mwenye nyumba akiwa pamoja nacho. Kama angebaki kwenye lile banda la giza, angelijuaje hilo?

Alijua sasa kwamba kinachohitajika ni yeye kushuka zile ngazi, apite uani, asimame karibu na mwanawe. Mbwa angesogea papo hapo, na safari ingeanza.

"Mama, njoo umtoe," Jofrey alisema. "Wewe anakusikia."

Damari akavuta khanga yake, akakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Nikija hapo atapisha," alisema. "Ndiyo maana siji."

Jofrey alimtazama kama mtu anayetafuta maana ya maneno rahisi. Damari mwenyewe alishangaa jinsi yalivyotoka kwa wepesi, baada ya kukaa ndani muda wote ule.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana mbwa akilinda nabaki. Huyu hapa analinda. Wewe ni mwanangu, anakupenda, umeona alivyokupokea. Na bado hajakuruhusu utoke na blanketi langu."

"Kwa hiyo mimi ni mwizi."

"Hapana, baba. Wewe una haraka. Yeye hajui tofauti."

Jofrey alitaka kukasirika, ikaonekana, lakini ni vigumu mtu kukasirika huku ameshika redio ya mama yake na mbwa amemtazama usoni. Akaiweka redio juu ya begi. Akakaa chini kwenye saruji, na Diwani, alipoona mizigo imetulia, naye akakaa.

"Unajua mimi silali?" Jofrey alisema. "Tangu mzee aondoke. Simu ikilia alfajiri nashika moyo kwanza. Nawaza wamekuingilia, wamekuumiza, na mimi niko Iringa nimejifunika. Wewe kwani huogopi?"

Damari hakujua kwamba mwanawe halali. Alimwona amekuwa mkali tangu mazishi, akadhani ni ukubwa. Sasa aliona ni mtoto aliyefiwa na baba, anayejaribu kukusanya alichobakiwa nacho na kukiweka mahali pamoja.

"Naogopa," alisema. "Kila jioni naogopa kidogo. Lakini naogopa nikiwa kwangu. Kule kwako nitaogopa kwenye nyumba ya Evarista, na hata sufuria nitaomba ruhusa kushika."

"Evarista hawezi kukunyima sufuria."

"Hawezi. Ndiyo ubaya wake, nitakosa hata wa kumlalamikia."

Jofrey akacheka, bila kupenda, kicheko kifupi cha puani kilichokuwa cha baba yake kabisa. Diwani akasikia kicheko, akasogea, akamwegemea kwa uzito wote mpaka Jofrey akashika chini kwa mkono. Alianza kumsukuma, kisha akaacha. Akabaki hivyo, mkono wake umezama kwenye mikunjo ya shingo ya mbwa, na mabega yake yalikuwa yanashuka kidogo kidogo.

Simu ikaita. Alikuwa Evarista. Sauti yake ilisikika mpaka barazani.

"Mbona kimya? Mmeshatoka Mbeya?"

"Hatujatoka."

"Gari lina shida?"

"Gari zima. Tumekataliwa kutoka."

"Mmekataliwa na nani?"

Jofrey alimtazama mbwa, halafu akainua macho mpaka kwenye ngazi, alipokaa mama yake na mikono yake magotini. Alimtazama kitambo, kama anayemwona vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ya msiba.

"Na mwenye nyumba," alisema.